Zamu ya Mama Kuzaliwa

Chanjo ya kuku nilikuwa naibeba mimi. Nilikuwa muuzaji wa pazia katika duka moja la vitambaa katikati ya jiji, na nyuma ya duka letu kulikuwa na agroveti, duka la dawa za mifugo, ambayo mdogo wangu wa kike, mfugaji wa kuku, aliiamini kuliko zote za huku kwetu Mutuini. Kila alipoingiza vifaranga wapya alinipigia simu asubuhi, na jioni nikapita pale na thamosi yake ya samawati. Waliniwekea barafu, wakatumbukiza vichupa vya dawa, nikafunga kifuniko na kurudi nyumbani nimeipakata. Barafu ikiyeyuka njiani, chanjo imekufa. Nilimkuta ananingoja langoni. Hakunisalimu kwanza. Alifungua thamosi, akaingiza kidole kuona kama bado kuna baridi, ndipo akasema, "Sasa, sista. Ingia unywe chai."

Katika kazi hiyo hakuwa na mchezo. Siku ya kuchanja aliwanyima vifaranga maji mpaka wakawa na kiu ya kweli, kisha akachanganya dawa katika maji yenye unga kidogo wa maziwa, akasimama juu yao mikono kiunoni hadi wote wanywe. Aliyejikunyata pembeni alimshika na kumchovya mdomo mwenyewe. "Huyu mmoja akikosa, ni yeye atanimalizia wengine," alikuwa akisema. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu wakati ule, mara nyingine kwa sauti, peke yangu, nikiosha vyombo, na kila mara yananipandisha hasira upya.

Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolijua kutokana na kuku hao hao. Kuku wa mayai ukiwachanja wakiwa tayari wanataga, mayai hupungua. Nililiona mwenyewe. Juma moja trei zinajaa, juma linalofuata unaokota mayai machache, mengine yana ganda laini linaloshika alama ya kidole. Baadaye hurudi kutaga kama kawaida. Ila katika siku hizo za upungufu, wateja wake wa mtaa wa kitajiri wa Karen walimpigia simu wakilalamika, naye akawaambia bila kuficha, "Niliwachanja, madam. Ngojea kidogo."

Sasa niseme habari ya jina, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu sisi watoto hupewa majina kwa zamu. Mvulana wa kwanza ni babake mume, msichana wa kwanza ni mamake mume. Mvulana wa pili ni babake mke, na msichana wa pili ndiye mamake mke. Hatusemi kwamba nyanya amepewa mjukuu mwenye jina lake. Tunasema amezaliwa. Mwanamke mzee ambaye binti zake hawajamzaa huulizwa na wenzake kanisani, kwa utani usio utani, "Na wewe, bado hujazaliwa?"

Mama yetu alikuwa hajazaliwa. Tulikuwa wasichana wawili tu. Mimi sikuolewa, na tumbo langu la uzazi lilitolewa hospitalini kwa sababu ya uvimbe nikiwa bado nahesabika kijana. Nilipoamka kutoka usingizi wa dawa, mtu wa kwanza kulia pale kitandani alikuwa Mama, na sikujua ananililia mimi au anajililia mwenyewe. Ikabaki kazi ya mdogo wangu. Yeye aliolewa hapa hapa Mutuini, nyua chache kutoka kwetu, na alikuwa amejaliwa mvulana, msichana na mvulana. Baba mkwe alizaliwa, mama mkwe alizaliwa, marehemu baba yetu alizaliwa. Kisha tumbo likanyamaza miaka mingi. Alikuwa anakaribia arobaini wakati korona ilipoingia.

Chanjo ya watu ilipofika, wazee ndio walioitwa kwanza. Mama hakusukumwa na mtu. Alivaa nguo ya Jumapili, akafunga kitambaa kichwani, akaenda zahanati na fimbo yake. Kwenye mkono wake kuna kovu la chanjo ya ndui alilolipata akiwa mtoto, na tulipokuwa wadogo alikuwa anatuonyesha na kutuambia ndilo lililomfanya akawa na uso laini wakati wengine walibaki na mashimo. Alimwambia nesi amdunge mkono ule ule. Alirudi akiwa na furaha, akanywa uji, akalala mchana kutwa, na kesho yake alikuwa shambani akipalilia.

Mimi nilidungwa mjini zamu yetu ilipofika. Tajiri wetu wa dukani, mwenyeji wa Parklands, alitutangazia kwamba asiyechanjwa asije kazini. Fundi wetu wa kushona, mtu wa mkoa wa Magharibi, aliapa kwamba hataingizwa kitu cha wazungu mwilini. Alipoona kazi inaondoka akaenda, kisha akashinda siku nzima kwenye cherehani na kipande cha kitunguu kimefungwa pale palipodungwa, ati kinyonye dawa itoke. Duka zima lilinuka kitunguu na wateja wakatuuliza tunapika nini. Tulicheka sana siku ile. Sikujua kwamba kicheko changu kilikuwa karibu kuisha.

Nilimwendea mdogo wangu jioni ya siku niliyodungwa, na mkono wangu unaouma. Nilimkuta ndani ya kibanda, anaokota mayai.

"Ni zamu yenu sasa," nikamwambia. "Kesho nitakupeleka."

"Nipeleke wapi?"

"Udungwe."

Akaendelea kuokota. "Mimi sidungwi saa hii."

"Hawa wote umewachanja, na wewe unangoja nini?"

"Hawa si mimi, sista. Na ni hawa wamenifunza. Ukichanja kuku leya akitaga, mayai inashuka. Hujaona na macho yako?"

"Si inarudi?"

"Inarudi, eeh. Kuku iko na taimu." Akaweka yai kwenye trei, akanitazama. "Mimi nimebakisha mayai ngapi? Wewe niambie. Ikishuka mwaka moja tu, nitamzaa Maitu na nini?"

Maitu ndivyo tunavyomwita Mama kwa lugha yetu. Mdogo wangu hakuwa anaropoka, na hilo linaniuma mpaka leo. Watu wengi walikuwa wanaropoka. Kuna aliyesema utageuka nyoka, kuna aliyesema utafuatwa na setilaiti hadi chooni. Miaka michache nyuma kulikuwa na uvumi uliozunguka makanisani kwamba sindano ya pepopunda ya akina mama inafunga tumbo, na uvumi huo nao ulikuwa umelala tu, ukaamka. Lakini mdogo wangu hakutegemea hayo. Yeye alitegemea trei zake za mayai. Nilimwambia mtu si kuku, akanijibu kwamba hata daktari wa mifugo husema dawa ni dawa. Nilimwambia wanawake wanachanjwa na wanazaa, akauliza, "Wa miaka yangu? Mtaje mmoja." Nikamwambia yeye ni mjinga. Akacheka, akasema hata yule mama wa Karen aliyesoma Ulaya hajadungwa, anakunywa tangawizi na manjano.

Huyo mama wa Karen alikuwa mteja wake mkubwa. Wakati wote wa korona alipokea mayai kwenye lango akiwa amesimama mbali, mtumishi wake akiyapangusa kwa siki moja moja. Alimwambia mdogo wangu kwamba mwili una hekima yake na hauhitaji kuingiliwa. Baadaye nilisikia kwamba alichanjwa kimya kimya alipotaka kusafiri kwenda kumwona mwanawe ng'ambo. Alichanjwa ili apande ndege. Hakupiga simu kusema amebadili mawazo, na kwa nini apige? Kwake yalikuwa mazungumzo tu ya langoni.

Nilidhani Mama atanisaidia. Yeye ndiye mwenye kovu, yeye ndiye aliyekimbilia zahanati. Jumapili moja baada ya kanisa nikamwambia mbele ya mdogo wangu, tumekaa sote jikoni kwetu tunakula viazi, "Maitu, mwambie huyu adungwe."

Mama alitafuna polepole. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Wewe ngoja kwanza. Zaa kwanza. Sindano haziishi."

"Wewe si umedungwa?" nikafoka.

"Mimi nilishamaliza kuzaa. Yeye ana kazi."

"Kazi gani?"

Alimtazama mdogo wangu tumboni, waziwazi, kama anavyotazama shamba kabla ya mvua, na mdogo wangu akainamisha macho na kutabasamu. Walielewana. Mimi nilikuwa mgeni jikoni nilimolelewa, kwa sababu mimi sikuwa na tumbo la kuulizwa. Niliinuka nikaenda kuosha sahani kwa kelele.

Na akapata mimba. Kabla ya mwaka kuisha, akapata. Siwezi kueleza furaha ya Mama. Alianza kuweka akiba ya njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mzazi ili apate maziwa na nguvu. Alizichagua mwenyewe juani, akatupa zilizotobolewa, akazihifadhi ndani ya kopo kubwa la mafuta ya kupikia na kuliweka chini ya kitanda. Walipopiga picha ya tumbo wakaambiwa ni msichana, mdogo wangu alikuja kwetu moja kwa moja kutoka kliniki, hakupita kwake. Alisimama mlangoni akasema, "Maitu, unakuja." Mama akafunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Hata mimi nililia. Nilifurahi kweli, sisemi uongo.

Kule kliniki manesi walimwambia kwamba wajawazito nao wanaruhusiwa kuchanjwa, tena ugonjwa unawachukua vibaya wakiupata. Nilikuwepo siku moja, nimemsindikiza. Nesi alikuwa msichana mpole, alieleza vizuri, hakumharakisha. Mdogo wangu akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Sista nesi, nimetafuta huyu miaka," akasema. "Sitacheza na yeye."

"Si kucheza, mami. Ni kumlinda."

"Nikishazaa nitakuja. Nakuapia."

Njiani nilimgombeza hadi nikakosa pumzi. Alinishika mkono akaniambia, "Nimebakisha kidogo tu. Niache nimalize." Alikuwa anatembea amejiegemeza kwangu, mzito, anatoa jasho, na tukacheka kwa sababu mbuzi wa jirani alikuwa amepanda juu ya boda boda iliyoegeshwa. Hiyo ndiyo picha yake ninayojaribu kubaki nayo.

Kwa njia yake mwenyewe alijua kwamba anaumwa. Alikuwa na kikohozi kidogo, akasema ni vumbi la chakula cha kuku. Halafu asubuhi moja akaingia kibandani, akasimama pale ndani, akatoka, akaingia tena. Akaniita kwa simu nikiwa najitayarisha kwenda kazini.

"Sista, kuku hazinuki."

"Umesafisha?"

"Sijasafisha. Nimeinama mpaka kwa mavi. Hazinuki."

Yeyote aliyewahi kuingia kibanda cha kuku asubuhi, kabla hakijafunguliwa madirisha, anajua ile harufu inavyochoma macho. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Nilijua, na yeye alijua, na kwenye simu hakuna aliyeitaja korona.

Mumewe alimtafutia nafasi, na baada ya kuzungushwa huku na huku tukampatia kitanda katika hospitali moja ya Parklands. Walitupokea vizuri, sina lawama nao. Daktari alituambia nje, barabarani, kwa sababu hatukuruhusiwa kuingia, kwamba mapafu hayawezi kumhudumia yeye na mtoto pamoja, kwa hiyo mtoto atatolewa kabla ya wakati wake. Aliuliza kama alichanjwa. Mumewe akatazama chini. Mimi nikasema, "Hapana." Daktari akatikisa kichwa kidogo, bila dharau, akarudi ndani.

Nilizungumza naye mara moja zaidi, kwa simu iliyoshikwa na nesi. Hewa ilikuwa inapiga kelele usoni pake na maneno yalikuja moja moja. Mtoto alikuwa ameshatolewa, mdogo sana, lakini analia.

"Umemwona?" akaniuliza.

"Bado. Wamesema yuko sawa."

"Mwambie Maitu amefika."

"Utamwambia mwenyewe."

"Mwambie."

Nikamwambia. Mama alikuwa amekaa kitandani pake, miguu juu ya kopo la njahi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Na mtoto wangu?" Nilianza kumjibu kwamba mtoto yuko sawa, analia vizuri. Akanikatiza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake. "Sijakuuliza huyo. Nimekuuliza mtoto wangu."

Mtoto wake alikufa kabla ya juma kwisha.

Tulimzika katika shamba la mumewe, haraka haraka, watu wachache, wale waliobeba jeneza wamevaa mavazi meupe ya plastiki, mhubiri amesimama mbali na maikrofoni isiyofanya kazi vizuri. Kaburi liko karibu na kibanda cha kuku. Kuku hawakuwa na habari, walikuwa wanataga, na kila mmoja akimaliza alipiga kelele kama kawaida yao. Nilitaka kuingia mle niwanyonge wote. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, barakoa imeteremka kidevuni, na hakutoa chozi. Alikuwa mzima. Kikohozi kile kilipita nyumbani kwetu pia, kwa sababu mdogo wangu alishinda kwetu siku zile, na Mama akaumwa kichwa kidogo tu, akapiga chafya, ikaisha. Mimi nilikaa na homa siku chache nikapona.

Mtoto alipotoka hospitalini aliletwa kwetu, maana babake alikuwa na wale watatu na hakuwa na mikono ya kutosha. Thamosi ya samawati ndiyo tuliyowekea maji ya moto ya kumchanganyia maziwa. Mama alimwita shemeji, akamwambia kwamba anataka mtoto apewe jina la marehemu mamake.

"Hapana, Maitu," shemeji akasema. Alisema kwa heshima, kofia mkononi. "Yeye alisema ni wewe. Alisema hata mbele ya daktari. Siwezi kumpinga sasa."

"Mimi nakataa."

"Zamu ni yako. Alikufa akiitafuta."

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Lakini niliona Mama akijishika kwenye ukingo wa meza. Mtoto akaitwa jina la Mama. Jina lenyewe sitaliandika, limetosha.

Wanawake wa kanisa walikuja kumwona mtoto, kama ilivyo desturi, na unga, na sukari, na leso. Walijitahidi. Mmoja alimbeba mtoto akampelekea Mama mapajani, akasema kwa ile sauti ya kuchangamsha waliofiwa, "Haya, tumshukuru Mungu kwa hili angalau. Umezaliwa." Wengine wakaitikia. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akanipa mtoto mimi, akatoka nje na kopo la njahi. Nilimwona kupitia dirishani akishika njia ya kwa mdogo wangu, nikamfuata na mtoto. Alifika kwenye kibanda kilichobaki na kuku wachache ambao shemeji alikuwa hajawauza, akafungua kifuniko, akamwaga njahi zote chini. Kuku hali njahi mbichi. Walizidonadona, wakaziacha. Zilikaa pale hadi mvua ikanyesha na nyingine zikaota.

Kwa majuma yaliyofuata hakumwita mtoto kwa jina. Alimwogesha, alimlisha, alimbeba mgongoni kwa leso, lakini akitaka nimlete alisema, "Lete huyo." Mimi nilimwita Maitu, kama inavyotupasa kumwita mtoto aliyebeba jina la mama yetu, na kila nilipomwita hivyo, Mama aligeuza uso.

Siku ya kumpeleka mtoto zahanati kwa sindano zake za kwanza, nilimwambia Mama abaki apumzike. Alikataa. Alivaa nguo ya Jumapili, ile ile. Tulipofikiwa, nesi akamshika mtoto paji la uso, akasema ana joto kidogo na mafua.

"Si mbaya sana, shosho," akamwambia Mama. "Tunaweza kumdunga leo, ama mkitaka mngoje kwanza, mrudi wiki ijayo."

"Hatungoji," Mama akasema.

"Ni vile tu nimeona—"

"Nimesema hatungoji. Mdunge."

Alifunua paja la mtoto mwenyewe, akalishika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sindano ikaingia. Mtoto akapiga ukelele, na Mama, ambaye hakulia kaburini wala siku ile ya wanawake, akalia pamoja naye pale kwenye benchi, mdomo wazi, mbele ya akina mama wote waliokuwa wakisubiri. Nesi alisimama na pamba mkononi, hajui amfute nani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu. Tulipokaribia lango la mdogo wangu, pale alipokuwa akiningojea na kuingiza kidole ndani ya thamosi, Mama alisimama, akaegemea fimbo.

"Ningejua," akasema, "ningezikwa na jina langu."